Sauti ya Kujaza Mdomo wa Masizi

Wifi yangu anaishi kwa kuazima sauti za watu. Hiyo ndiyo kazi yake, na kabla hujacheka ujue kwamba kama una mtoto nyumbani basi umeshamsikia, tena mara nyingi kuliko unavyowasikia ndugu zako. Zile katuni zinazotoka nje hufika kwetu zikizungumza lugha za watu, na lazima apatikane mtu wa kuwapa wale viumbe maneno yetu. Mtu huyo ni yeye. Yeye ni kunguru, yeye ni mchawi mwenye chongo, yeye ni fisi mwoga na chura mwenye mafua.

Nyumbani tunamwita Kasuku. Jina alipewa na kaka yangu wakati wa uchumba, nami nikalidaka, maana wifi na wifi wasipotaniana watagombana. Siku alipoletwa kutambulishwa alikaa kwenye kochi kimya, mikono juu ya mapaja, macho chini, mpaka shangazi zangu wakaanza kunong'onezana kwamba kaka ametuletea bubu. Akaniomba nimwonyeshe jikoni akanywe maji. Huko jikoni akawaigiza shangazi zangu wote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na yule mwenye pumu, mpaka nikakaa sakafuni na bilauri mkononi. Nikajua huyu tutaelewana.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na siku nzima nashinda na vichwa vya watu. Siku moja nilifunga mapema nikaenda kumtazama kazini. Chumba chenyewe si kikubwa kuliko bafu. Kuta zimebandikwa sponji za magodoro, feni hairuhusiwi kwa sababu upepo wake unaingia kwenye maikrofoni, na mtu akiingia anavua viatu, anavua bangili, anahakikisha amekula kitu asije akangurumisha tumbo. Mbele yake kuna skrini, masikioni hedifoni, na nyuma ya kioo wamekaa dairekta na fundi mitambo. Kiumbe kwenye skrini anafungua mdomo, naye lazima aongee hapo hapo. Kiumbe akifunga, naye anafunga. Wao wanaita kujaza mdomo. Mdomo ukibaki wazi na maneno yamekwisha, mtoto aliye nyumbani anagundua kwamba anadanganywa, na watoto hawasamehe jambo hilo.

Kila mmoja pale ana namna yake ya kufanya kazi. Kasuku hawezi kutunga sauti kutoka hewani. Lazima amtafute mtu halisi, amkalishe kichwani, ndipo aongee. Kunguru ni mwenye nyumba wao wa zamani. Fisi ni yule bwana anayesoma mita za maji. Chura mwenye mafua ni mimi, sikuombwa ruhusa, na nilipogundua nilinuna jioni nzima halafu nikaanza kujivunia kwa wateja.

Jambo moja tu lilikuwa likinikera. Miaka yote hiyo hakuwahi kupewa sauti ya kiumbe mzuri. Yuko mwenzake pale studio, binti mweupe wa kung'aa, mtu mwema kabisa, nywele zake nasuka mimi mwenyewe, na kila binti mfalme anayekuja anapewa yeye. Kuna mwaka Kasuku aliomba ajaribu. Alimchukua yule muuguzi aliyemzalisha, mwanamke aliyekuwa anaongea taratibu hata damu ikimwagika, akamvisha binti mfalme sauti ile. Fundi mitambo alifumba macho akasema ni yenyewe. Dairekta akamtazama kupitia kioo, akamtazama tena, akasema sauti ni nzuri lakini ina weusi ndani yake.

Nilimuuliza weusi wa sauti unapimwa kwa kifaa gani, nikanunue kimoja kwa ajili ya saluni. Akacheka, akasema, "Wanasikiliza kwa macho, wifi." Kisha akarudi kwenye kunguru wake.

Sasa nikwambie kuhusu mama yangu, maana bila yeye hakuna habari ya kusimulia. Tangu nyonga ianze kumsumbua, mama anaishi kwa kaka. Kaka ni dereva wa malori ya mbali na hayupo nusu ya mwaka, kwa hiyo nyumba ile ni ya wanawake watatu: mama, Kasuku, na mtoto wao wa pekee tunayemwita Karanga kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo. Wakati ninaosimulia alikuwa ametimiza miaka saba. Katika familia yetu weusi umetoka kwa mama, na mama aliugawa kwa ukarimu, lakini hakuna aliyeupokea wote kama Karanga. Paji la uso la bibi yake, miguu ya bibi yake, rangi ya bibi yake. Ukiwaona wamekaa ngazini unaona mtu mmoja aliyepigwa picha mara mbili katika maisha yake.

Mama ana sauti kubwa. Sisemi kelele, nasema kubwa. Inatoka tumboni, inapita kifuani ikijinyoosha, na mwisho wa kila neno anauvuta kidogo kama mtu anayekusindikiza mpaka mlangoni. Kicheko chake huanza chini kwa pumzi, hah, hah, unadhani amepaliwa, halafu kinafunguka chote na jirani wa pili anacheka bila kujua kinachochekesha. Karanga alilelewa ndani ya sauti ile. Alikuwa analala kitanda kimoja na bibi yake, na kila jioni walikuwa na ugomvi wao. Bibi anamwita mke mwenza, anamtuhumu kwamba amemnyang'anya mume, na mume mwenyewe ni marehemu baba yangu aliye kwenye picha ukutani. Karanga anajibu kwamba babu alimpenda yeye kwanza. Bibi anatishia kufungasha virago. Wanakwenda hivyo mpaka mmoja analala, na mara nyingi ni bibi. Kama kuna kitu nyumba ile ilikuwa nacho ambacho usingeweza kukipata mahali pengine, ni hicho.

Basi ikaja filamu ile.

Ilikuwa ya binti mfalme mwenye nywele za njano na ngozi kama maziwa. Jikoni kwenye jumba lao kulikuwa na mtumishi, mwanamke mnene, na dairekta akampa jina la Masizi. Sijui aliyemchora alikuwa anatafuta nini. Alimpaka weusi ule wa sufuria iliyosahaulika motoni. Midomo kama matakia mawili mekundu, pua imetandazwa, macho yamemtoka, makalio yanaangusha sahani kila anapogeuka. Anaiba nyama, anaogopa radi, anafukuzwa na ufagio, na kila anachoambiwa anakielewa kinyume. Hata farasi katika filamu ile aliongea kama mtu aliyesoma. Dairekta alitaka Masizi aongee kama watu weusi wa huko ndani kabisa; ndivyo alivyosema, naye mwenyewe ukimweka kando ya chokaa utamwona vizuri sana.

Kasuku alijaribu sauti tatu na zote zikashindwa. Mdomo ule ulikuwa umechorwa mpana mno na ulikaa wazi kwa muda mrefu. Ukiweka sauti ya kawaida inasikika ndani yake kama sarafu ndani ya ndoo. Wote wamechoka, chumba kina joto, dairekta anatazama saa. Ndipo akamchukua mama yangu. Akamkalisha kichwani, akavuta pumzi kutoka tumboni, akaongea, mdomo ukajaa. Ilipofika mahali Masizi anacheka, akacheka kile kicheko chote, na pumzi zake za mwanzo. Dairekta alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Hakuna aliyetaka irudiwe.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni ilikuwa Jumapili mchana na kaka alikuwa nyumbani. Nilikwenda na biskuti. Karanga alikaa chini, mgongo umeegemea miguu ya bibi yake, kama kawaida. Masizi akaingia, akateleza, akaanguka na masufuria yake, akacheka. Kaka akageuza shingo polepole kumtazama mkewe, na mkewe alikuwa anatabasamu, anamtazama mama kama mtoto aliyeleta zawadi na anasubiri ifunguliwe.

Karanga aligeuka, uso umemchangamka. "Bibi, ni wewe!"

Mama alitazama skrini, akatutazama sisi. Akasema kumbe ameingizwa kwenye sinema na hakuna aliyemwambia avae vizuri. Tukacheka wote kwa ahueni, mama naye akacheka, na wakati ule ule Masizi akawa anacheka kwenye televisheni. Kicheko kimoja kikatoka pande mbili za chumba. Cha mama ndicho kilichonyamaza kwanza. Aliitazama filamu hadi mwisho, ufagio na nyama na yote, mikono yake juu ya mabega ya mtoto. Ilipokwisha alimwambia Kasuku kwamba amefanya kazi nzuri, akasema nyonga inamuuma, akaenda kulala jua likiwa bado linawaka.

Kosa la Karanga lilikuwa ni kujivuna. Kesho yake shuleni aliwaambia wenzake kwamba Masizi ni bibi yake. Nani hangejivuna? Mama ndiye aliyekuwa anamfuata mchana, na mkongojo wake, anasimama langoni pamoja na wazazi wengine. Siku ile watoto walimzunguka wakimwomba acheke. Mama ni mtu wa watoto. Akawachekea. Wakapiga kelele za furaha, wakamwomba tena, akawapa tena, na alirudi nyumbani akisema watoto wa siku hizi wana adabu kuliko sisi tunavyowasingizia.

Kisha likageuka. Wakaanza kumwita Karanga mjukuu wa Masizi, halafu wakafupisha wakamwita Masizi mwenyewe. Wakawa wanampangusa mkono na kutazama vidole vyao kama vimechafuka. Kikipotea kitu darasani, hata kifutio, mtu anasema mtafuteni Masizi. Mwalimu alisema watoto wanatania tu.

Mimi nilikuwa nayaona ya kwangu saluni. Vitoto vinashika kitana kama maikrofoni vinacheka kicheko cha mama yangu, mama zao wanapiga makofi. Siku moja aliletwa binti wa miaka mitano au sita, mweusi mzuri, shingo ndefu, na mama yake akaniambia mtoto amekataa kusukwa, anataka nywele zilale kama za binti mfalme ili asifanane na Masizi. Mtoto alikuwa ameshikilia vishikio vya kiti kama yuko kwa daktari wa meno. Nilimwambia mama yake kichwa hiki hakiguswi na dawa yoyote, na kama ana haraka mlango ndio ule. Nikampoteza mteja na sijutii. Niliingia chooni nikalia kwa hasira, nikarudi nikamalizia kichwa cha mtu mwingine nikiwa nimekivuta mno.

Kule nyumbani Karanga alianza kidogo kidogo. Alimwomba bibi asisimame langoni, amngoje pale kona kwa fundi viatu. Baada ya hapo akaomba mimi, shangazi yake, ndiye niwe ninamfuata. Bafuni akawa anajisugua na dodoki mpaka magoti yanawaka, na mama, aliyezoea kumwogesha huku wakigombania mume, akaambiwa abaki nje. Mama akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni, anaongea na ule mlango. Jioni moja mezani mama alianza kucheka kwa jambo dogo, chai ilikuwa imemwagika, na mtoto akaweka kikombe chini akasema, bila ukali wowote, "Bibi, usicheke."

Usiku wa siku hiyo aliomba kulala na mama yake. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyebeba mto wa mtoto na kuupeleka chumba cha pili.

Kasuku aliponisimulia hilo kwa simu nilikata. Nilifunga saluni na mteja mmoja bado anangoja, nikaenda. Nilimkuta anakunja nguo, nikamwambia yote niliyokuwa nayo na mengine ambayo sikuwa nayo. Nilimwambia amemuuza mama yangu. Nilimwambia mama alimpokea kama mtoto wake wa kumzaa, akamlelea mtoto, na yeye akamchukua akamweka mdomoni mwa kinyago ili watu wacheke. Nilimwambia mtu mwenye utu huomba ruhusa hata kwa sauti ya chura. Aliendelea kukunja shati moja la kaka, anakunja anakunjua, mpaka nilipoishiwa.

"Nilikuwa namwonea huruma," akasema.

"Nani? Mama?"

"Masizi. Nilimtazama pale kwenye skrini, wifi, namna walivyomchora. Nikasema huyu hana mtu hata mmoja duniani. Nikatafuta sauti ya mtu ambaye mimi nikimsikia tu nampenda. Nilidhani watoto wakimsikia mama anavyoongea, watampenda yule mwanamke. Nilidhani sauti itamnyanyua." Akaliweka shati chini. "Kumbe picha ndiyo ilikuwa na nguvu. Imemshusha mama."

Nilikuwa nimekuja kumchukia, na ningependa niseme niliendelea, maana kuchukia kuna nafuu yake. Lakini nilikaa juu ya zile nguo alizokwisha kuzikunja, nikamshika mkono.

Akanieleza kwamba alishakwenda kwa dairekta. Aliomba aruhusiwe kurudia sauti ya Masizi yote, bure, usiku, wakati wowote ambao chumba kiko wazi. Dairekta alimshangaa. Watoto wanampenda Masizi kuliko mtu yeyote, akamwambia, na sehemu ya pili inakuja ambayo Masizi amewekwa mara mbili zaidi. Kasuku akasema basi yeye hatafanya sehemu ya pili. Dairekta hakukasirika hata kidogo. Alimwashiria fundi mitambo, fundi akainamisha kichwa, akabonyeza, na chumbani kikatoka kicheko cha mama yangu, pumzi zake za mwanzo na kufunguka kwake, kikichekwa na msichana ambaye Kasuku hajawahi kukutana naye. Walikuwa wameshamjaribu mapema, ikitokea Kasuku akakataa. Alijifunza kutoka kwenye filamu. Dairekta akamwambia kwa upole kwamba ile sauti ni ya Masizi sasa.

Na kwa mama pia alishakwenda, akapiga magoti kando ya kitanda na kuomba radhi. Mama alimwinua. Alimwambia kwamba yeye amefanya kazi aliyopewa, na yule aliyechora hamjui mama wala mama hamjui, kwa hiyo hawezi kumkasirikia. Kitu kimoja tu alitaka kujua, kama mtoto atarudi kitandani.

Tuliongea na Karanga, tena si mara moja. Mama yake alimfanyia chura, akamfanyia kunguru, akamwonyesha jinsi sauti inavyovaliwa na kuvuliwa. Alimwambia bibi si Masizi. Karanga alisikiliza vizuri, mtoto msikivu, halafu akasema, "Najua, mama. Lakini bibi akiongea wote wanatutazama, halafu wanaona tumefanana."

Mama akanyamaza. Hakuapa, hakununa. Aliacha tu kutumia sauti yake, kama mtu anavyoweka kabatini nguo isiyomkaa tena. Akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Akiulizwa kama amelala vizuri anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Jirani alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa, maana hasikii mtu. Mchana, mtoto akiwa shule, aliomba afundishwe namna ya kuiwasha filamu ile, na Kasuku akamwonyesha, ingawa moyo ulimgoma. Tulidhani anajitesa. Kaka alisema tumwache, kila mtu ana namna yake ya kuuguza kidonda. Kasuku alikuwa akirudi kazini anamkuta amekaa karibu kabisa na televisheni, sauti imepunguzwa, midomo inatikisika. Alidhani anasali.

Jumamosi moja nilikwenda kumsuka Karanga. Kasuku alikuwa nje anaanua nguo, tukaingia ndani pamoja, yeye na beseni lake, mimi na mfuko wangu wa vitana. Kutoka chumba cha mama tukasikia sauti ya binti mfalme. Sauti nyembamba, laini, inayotembea kwa ncha za vidole. Ilikuwa inasema, mpenzi wangu, njoo ukae karibu nami, nitakueleza hadithi. Nikamwambia Kasuku mama ameiwasha tena filamu yake. Kasuku alikuwa amesimama. Akasema kwa kunong'ona kwamba umeme umekatika tangu asubuhi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, amefunga kitambaa kizuri kichwani. Midomo yake ameibana, ameifanya midogo, imeingia ndani mpaka mashavu yamebonyea, na ndani ya kitundu kile kidogo alikuwa anapitisha maneno moja moja. Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa kazi. Mara moja moja ilitaka kuanguka tumboni, mahali pake, naye anaidaka na kuirudisha juu puani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mbele yake, katikati ya chumba, Karanga amesimama na mikono nyuma, anamsikiliza kwa makini kama mwalimu.

"Hivyo ni vizuri, bibi," akasema Karanga. "Sasa unaongea vizuri."

Akasogea. Akapanda kitandani, alikokuwa hajapanda muda wote ule, akalaza kichwa kwenye paja la bibi yake. Mama aliweka mkono juu ya nywele zile ambazo hazijasukwa na akafumba macho. Ndipo akatuona mlangoni. Nilidhani ataona haya. Alimtazama Kasuku kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, kama mtu aliyekwenda kwa fundi na ana shida ya kweli, na kwa sauti ile ile ya binti mfalme, iliyokuwa inaanza kukwaruza, akamuuliza.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeijua kazi hii. Niambie ni wapi bado napotea."

Kasuku aliliweka beseni chini. Nilitaka akatae. Nilitaka apige kelele, avunje televisheni, afanye lolote lile, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama tu pale na mfuko wa vitana. Lakini mtoto alikuwa amelala pajani mwa bibi yake, na sote watatu tulikuwa tunamwona. Kasuku akaenda akaketi pembeni ya kitanda.

"Mwisho wa neno, mama," akasema. "Usiuvute. Ukifika, uache."

Mama akajaribu. Akaambiwa apunguze kidogo, akapunguza. Akaambiwa asitumie tumbo, ashushe mabega, akafanya. Alikuwa mwanafunzi mzuri mno. Karanga naye alikuwa anasaidia kutoka pale pajani, anamrekebisha maneno, na mama akamwambia, kwa ile sauti nyembamba, kwamba mke mwenza amekuwa mkali siku hizi. Mtoto akacheka sana, akamkumbatia kiunoni. Furaha ikampanda mama yangu. Niliiona inatoka chini, tumbo likatikisika, pumzi mbili za kwanza zikatoka, hah, hah. Kisha akakumbuka, akaziba mdomo kwa kiganja.